Pale Pasipotoa Jasho

Mzee yule alikuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili asubuhi, kofia yake ya kufuma imelala magotini. Ilikuwa mwaka 2001, msimu wa korosho, na zahanati yetu ng'ambo ya Mto Rufiji ilikuwa na afisa tabibu mmoja tu, ambaye ni mimi. Nilikuwa na miaka 26. Asubuhi ile nilikuwa nimeshaona watoto wa malaria, mjamzito aliyeanza uchungu kabla ya siku zake, na kijana aliyejikata panga shambani. Zamu ya mzee ilipofika, adhuhuri ilikuwa inakaribia. Nilimwamkia, akaitikia, akakunja mkono wa shati na kunionyesha baka lililokuwa juu kidogo ya kifundo cha mkono. Upana wake ulikuwa kama kitako cha kikombe cha kahawa, na rangi yake ilikuwa imefifia kuliko ngozi iliyolizunguka.

"Daktari mwanangu," alisema, "hili lina miezi sasa. Haliwashi wala haliumi. Lakini nikilima, mwili mzima unalowa jasho, hapa panabaki pakavu. Na malaika yote yamepukutika."

Nilianza kuandika kabla hajamaliza kusema. Niliandika "choa". Nikampa mafuta ya Whitfield, nikamwambia apake asubuhi na jioni kwa wiki nne. Akaniombea dua, akaondoka.

Nimetibu ngozi za watu zaidi ya miaka 20 tangu siku ile, na sijakutana na mgonjwa aliyenieleza ugonjwa wake kwa ufasaha kuliko mzee yule. Hakuna alichonificha. Choa huwasha, na baka lake halikuwasha. Jasho hutolewa na tezi, na tezi hizo huamriwa na mishipa ya fahamu. Pake palikuwa pakavu. Hata vile vinyweleo vyembamba vya mkono vilikuwa vimeondoka. Mambo hayo yakikutana kwenye baka moja lililofifia, kwa mazingira yetu mganga hana haki ya kufikiria kitu kingine kabla ya ukoma. Nilifundishwa hivyo darasani. Nilijibu hivyo kwenye mtihani, na nikafaulu.

Alirudi baada ya mwezi, nikamwongezea dawa ileile. Aliporudi tena masika yalikuwa ukingoni, na safari hii alikuwa na kidonda cha moto kwenye kidole cha mwisho. Alikuwa ameipua sufuria ya uji bila kitambaa, na hakujua kwamba ameungua mpaka mkewe alipouliza harufu ile inatoka wapi. Nilisafisha kidonda, nikafunga bendeji. Hata hapo sikuuliza inakuwaje mtu aungue asisikie.

Aliyeuliza ni mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya, ambaye siku hiyo alikuwa amefika na pikipiki yake kuleta dawa za wagonjwa wa kifua kikuu. Alimwona mzee anatoka na bendeji, akamsalimia, akamtazama mkono, kisha akamwita chini ya mwembe uliokuwa nyuma ya zahanati, penye mwanga. "Vua shati, mzee wangu, tukuone vizuri," alimwambia. Mimi sikuwahi kumwambia hivyo. Mara zote tatu niliona kile alichonionyesha tu. Mgongoni alikuwa na mabaka mengine sita.

Mratibu alichana pamba, akaisokota ncha iwe nyembamba kama utambi. Kwanza alimgusa mzee macho yakiwa wazi ili aelewe, kisha akamwambia afumbe, na kila akihisi kitu aonyeshe mahali kwa kidole. Pamba ikagusa shingo, kidole kikaenda shingoni. Ikagusa bega, kidole kikaenda begani. Ikagusa lile baka la mkono: kimya. Ikagusa tena. Mzee alikaa pale macho yamefumbwa, uso umetulia, akisubiri aguswe huku anaguswa.

Kisha mratibu akapapasa nyuma ya kiwiko, pale ambapo ukijigonga mkono wote hushtuka kwa ganzi, akanishika vidole na kuviweka mahali hapo ili nami nihisi. Mshipa wa fahamu ulikuwa umevimba, mnene kama kamba ya katani. Akachomeka kipande cha karatasi kati ya kidole cha pete na kidole cha mwisho, akamwambia mzee akibane. Alikivuta kwa vidole viwili tu, na karatasi ikatoka kama iliyochomolewa kwenye kitabu.

Mzee alipoulizwa vidole vimelegea tangu lini, alijibu tangu mwanzo wa Ramadhani. Tukahesabu. Ilikuwa miezi sita. Mshipa uliodhoofika kwa ukoma ukiwahiwa kabla ya miezi sita kwa vidonge vya predinisoloni, mara nyingi nguvu hurudi, kwa sehemu au yote. Baada ya hapo matumaini hupungua sana. Siku ya kwanza aliyokaa mbele yangu Ramadhani ilikuwa bado. Vidole vile vilikuwa vinabana.

Mratibu hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema tu, akiwa anafunga begi lake kwenye pikipiki, kwamba ngozi haitibiwi kwa macho peke yake.

Mzee alianzishiwa paketi 12 za mwezi mwezi, zenye rifampisini, dapsoni na klofazimini, dozi ya kwanza ya kila mwezi akiimeza mbele yangu. Nilimweleza kwamba mkojo utakuwa mwekundu, na kwamba ngozi itazidi kuwa nyeusi kwa sababu ya klofazimini. Mkewe aliniuliza kwa sauti ya chini, akitazama pembeni, kama inabidi watenge sahani. Watu wa umri wao waliuita ugonjwa huo matana, na walikua wakiona wenye matana wakitengewa hata njia ya kisimani. Nilimwambia ukweli: dozi za mwanzo tu zinatosha kumfanya asiambukize tena, na watu wengi mno wamezaliwa na kinga ya kutosha, hata wakikaa na mgonjwa hawaupati. Dawa zenyewe hutolewa bure duniani kote tangu mwaka 1995. Mzee alimaliza paketi zote 12. Ugonjwa uliisha. Hisia za mkono hazikurudi, na vidole viwili vilikunjika taratibu.

Mwaka 2003 nilipata nafasi ya kusomea magonjwa ya ngozi kwa miaka miwili Moshi, kwenye kituo cha mafunzo cha kanda kilichoanzishwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC. Tulikuwa darasa la watu kutoka nchi nyingi za Afrika, wengi wetu tukitoka kwenye zahanati za aina moja, na nadhani kila mmoja alikuwa na mgonjwa wake aliyempeleka kule.

Siku niliyoiona ngozi kwa hadubini kwa mara ya kwanza sitaisahau. Kipande kilikuwa kimekatwa chembamba kuliko karatasi na kutiwa rangi ya waridi na zambarau. Juu kabisa kulikuwa na tabaka la seli zilizokufa, bapa, zimelaliana. Mtoto wa pwani hahitaji kuelezwa tabaka lile ni nini: ni paa la makuti. Kuti ni jani lililokufa, lakini likipangwa juu ya mwenzake na kufungwa vizuri, mvua haipiti na walio ndani hulala pakavu. Katikati ya makuti haya ya ngozi kuna mafuta ambayo mwili wenyewe umeyatengeneza, yanaziba mianya. Makuti hupukutika kila siku na mengine hupanda kutoka chini kuchukua nafasi, na safari ya seli moja kutoka kuzaliwa mpaka kudondoka huchukua kama wiki nne. Kwenye kope, ngozi hii ya juu yote ina unene wa nusu ya sehemu ya kumi ya milimita. Kwenye nyayo hufika milimita moja na nusu. Haina mshipa wa damu hata mmoja. Chakula chake hupenya kutoka chini.

Chini ya paa hilo ndimo nyumba ilimo. Ngozi ya ndani imefumwa kwa nyuzi za kolajeni, na humo mna mishipa ya damu, mashina ya nywele, tezi za jasho zinazofikia milioni mbili mpaka nne kwa mwili mmoja, na mishipa ya fahamu inayozifikia zote. Nilihamisha kioo taratibu, nikaona tezi ya jasho iliyojizongazonga kama utumbo, na karibu yake kamba ndogo ya mshipa wa fahamu. Kisha mwalimu akaniwekea kipande kingine, cha mgonjwa wa ukoma. Mahali pa kamba ile palijaa seli za kinga zilizolundikana. Tezi ilikuwa imekauka. Nywele hakuna. Mzee wa Rufiji alikuwa amenisomea kile kioo chote kwa maneno yake, jembe mkononi, bila kukiona.

Bakteria wa ukoma alionekana kwa mara ya kwanza na daktari Gerhard Armauer Hansen mjini Bergen, Norway, mwaka 1873. Ni kiumbe mvivu ajabu. Kujigawa mara moja tu humchukua kama wiki mbili, na mpaka leo hakuna aliyefaulu kumwotesha kwenye maabara kama wanavyooteshwa wengine. Kwa uvivu huo mtu anaweza kukaa naye miaka mitano, hata 20, kabla ya baka la kwanza. Anapenda mahali palipopoa: masikio, pua, viwiko, mikono, miguu. Na anaingia ndani ya seli zinazovika mishipa ya fahamu, jambo ambalo karibu bakteria wengine wote hawaliwezi. Ngozi ni mahali anapoonekana. Mahali anapoharibu ni kwenye fahamu.

Nilipoelewa hilo, namna yangu ya kuuliza ilibadilika. Mgonjwa yeyote wa ngozi nilimuuliza kwanza: linawasha? Linauma? Unalisikia? Na nilisubiri jibu nikiwa nimeweka kalamu chini.

Kuwasha nako kuna habari zake. Mwaka 2009 niliitwa kwenye shule moja ya bweni ambako wavulana walikuwa hawalali. Walikuwa na upele kati ya vidole, kwenye viganja, kiunoni, na sehemu za siri ambazo waliona haya kuzionyesha. Shule ilikuwa imewatibu kwa miezi kadhaa, kila wiki wale waliolalamika wiki hiyo, na kila wiki wapya walitokea. Mwalimu wa zamu aliamini ni uchafu wa wavulana. Nilimwomba tuzime maneno hayo kwanza.

Upele unaletwa na utitiri mdogo, urefu wake hata nusu milimita haufiki, unaochimba njia ndani ya yale makuti ya juu na kutaga humo. Waitaliano walimchora na kumtaja kuwa ndiye chanzo tangu mwaka 1687, na ni mmoja wa visababishi vya kwanza vya ugonjwa wa binadamu kuonekana kwa hadubini. Mgonjwa wa kawaida huwa nao 10 mpaka 15 tu kwa mwili mzima. Kinachowasha ni mwili kuwakataa, wao na mayai yao na kinyesi chao, na mtu asiyewahi kuupata huchukua wiki nne mpaka sita kabla ya kuanza kujikuna. Kwa hiyo kijana aliyelala usingizi mzuri kitanda cha jirani alikuwa nao tayari, na alikuwa anamrudishia kila mwenzake aliyetibiwa. Ukitibu wanaojikuna peke yao, unachota maji kwa pakacha.

Tulipanga jioni moja. Bweni zima, wapishi, mlinzi, na watoto wa mlinzi, wote walipakwa dawa nyeupe ya BBE kuanzia shingoni mpaka kwenye nyayo, katikati ya vidole na chini ya kucha. Shuka zikachemshwa. Magodoro yakaanikwa, kwa sababu utitiri ukikosa mwili wa mtu haumalizi siku nyingi. Baada ya wiki tukarudia. Wiki ya pili wavulana bado walikuwa wanajikuna, wakakata tamaa, na wawili walishaanza kupaka dawa ya mifugo. Nilirudi shuleni kwa ajili ya kuwaeleza hilo tu: utitiri umekufa, mwili bado unaukasirikia uliomo ndani ya makuti, subirini makuti yapukutike. Hesabu ni ileile ya wiki nne. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na mimi nilifurahi kama mtu aliyesikia jina la kijiji chake redioni.

Bibi yangu aliyenilea hakuwahi kuona hadubini, lakini alilijua paa. Mdogo wangu alikuwa na pumu ya ngozi, mikunjo ya viwiko na ya magoti imekwaruzika mpaka imekuwa migumu kama ngozi ya mjusi. Bibi alimwogesha haraka, maji ya vuguvugu, bila dodoki, na kabla hajakauka alimpaka mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Majirani walimwambia mtoto ana hasadi, kuna waliomshauri amsugue kwa jiwe na sabuni ya kufulia. Hakuwasikiliza. Nilipokuwa Moshi tukafundishwa kwamba pumu ya ngozi ni paa linalovuja pande zote mbili: maji ya mwili yanatoka, vumbi na vimelea vinaingia, na kinga inapigana usiku kucha. Tiba ya msingi ni kuziba mianya ngozi ingali mbichi ya maji, kwa mafuta ya mgando yasiyo na manukato, mara mbili au tatu kwa siku. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa Ulaya wana hitilafu kwenye protini iitwayo filagrini, inayosaidia kuyashikanisha yale makuti. Tafiti zilizofuata zikaona hitilafu hiyo ni adimu zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Sisi tunavuja kwa sababu nyingine, na sababu hizo bado zinasubiri watu wa kuzitafuta kwa bidii ileile.

Hapo naomba niseme jambo linaloniuma. Vitabu vyote nilivyosomea viliniambia nitafute wekundu. Ngozi iliyowaka ni nyekundu, kidonda kinachoanza ni chekundu, pumu ya ngozi ni mabaka mekundu. Picha zilikuwa za watu weupe. Kwenye ngozi ya mtoto wa Rufiji mwako haujitokezi hivyo. Huwa wa zambarau, au kahawia iliyokolea, au kijivu kama majivu ya jikoni, na mara nyingine hauonekani kabisa mpaka uweke mgongo wa kiganja chako uhisi joto. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari wa London mwenye asili ya Zimbabwe, Malone Mukwende, alitoa pamoja na walimu wake kitabu cha mwongozo kiitwacho Mind the Gap, kinachoonyesha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia. Nilikiona nikiwa nimeshatibu ngozi kwa miaka mingi. Nilikaa nacho usiku mzima, nikiwakumbuka watoto niliowaandika "hakuna wekundu".

Rangi yetu yenyewe hutengenezwa na seli chache zinazokaa kwenye sakafu ya ngozi ya juu. Kila moja huhudumia majirani kama 36, ikiwagawia punje za melanini ambazo nao huzipanga juu ya kiini cha seli kama mtu aliyejitwika ungo kukinga jua. Idadi ya seli hizo inakaribiana kwa watu wote, Mnorway na Mmakonde. Kinachotofautiana ni ukubwa wa punje na mpangilio wake. Mtu mwenye ualbino anazo seli, ila hazitengenezi rangi ya kutosha. Mwenye mbalanga, ambayo wengine huiita barasi, seli zenyewe zimekufa mahali hapo, ndiyo maana baka lake ni jeupe kama chokaa, na pamba akiguswa anaisikia vizuri kabisa. Baka la ukoma hufifia tu, haliwi jeupe pe. Nimewaona watu wenye mbalanga waliohamishwa nyumba kwa kudhaniwa wana matana, na pamba ya senti kumi ingewaokoa.

Wadi ya KCMC ilikuwa na vijana wenye ualbino, wa umri wangu wa wakati ule, wenye saratani za shingo na masikio ambazo zilianza kama vidonda vidogo vya jua. Hospitali hiyo baadaye ikaanza kutengeneza mafuta yake ya kuzuia jua kwa ajili yao. Kila nilipopita pale nilikuwa nimetoka kliniki ya asubuhi, ambako kulikuwa na akinamama walionunua kwa fedha zao dawa ya kuiondoa ile melanini.

Nakumbuka dada mmoja, mwalimu, aliyefunga ushungi mpaka usawa wa macho. Alianza mkorogo wiki tatu kabla ya harusi yake na hakuacha kwa miaka minane. Mashavu yalikuwa na weusi wa kibluu ambao hakuna mafuta yanayouondoa, vifundo vya vidole vilibaki vyeusi, mishipa ya damu ilionekana kama uzi chini ya plastiki. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji, na mshono ulikataa kushika. Ndani ya vichupa vile huwa mna haidrokwinoni, ambayo daktari Findlay na wenzake wa Afrika Kusini walieleza mwaka 1975 jinsi inavyoacha ule weusi wa kibluu. Huwa mna steroidi kali kama klobetasoli, inayolichakaza paa na kuzipunguza nyuzi za kolajeni. Na mara nyingine zebaki, inayokwenda mpaka kwenye figo. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, unazuia vipodozi vyenye zebaki, lakini sokoni vinauzwa. Sikumhubiria. Alikuwa ameshahubiriwa na kila mtu, akiwemo mume aliyempenda akiwa mweupe na kumcheka alipoungua. Nilimwomba afungue ushungi, nikamshika uso kwa viganja viwili nikiupapasa taratibu kutafuta mahali palipo na joto. Alilia. Alisema hajaguswa uso na mtu kwa miaka miwili.

Nilichojifunza chini ya mwembe ndicho nilichowafundisha vijana wote waliopita mikononi mwangu: mvue mgonjwa nguo kwa staha, mpeleke kwenye mwanga, mguse. Wageuzeni hata nyayo. Saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli za rangi, kwa watu weusi hupenda kujificha kwenye nyayo na chini ya kucha. Bob Marley alikutwa nayo chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu mwaka 1977, na mwaka 1981 akafariki akiwa na miaka 36. Wapo walioniona mkali kwa jambo dogo. Nilikuwa mkali.

Mzee wa Rufiji tuliendelea kuonana. Kila nilipokwenda kule na kliniki ya mkoba alikuja kunionyesha mikono. Alikuwa ameshika nidhamu niliyompa kuliko mgonjwa yeyote: kila jioni aliloweka mikono kwenye beseni nusu saa, akasugua sugu kwa jiwe laini, akapaka mafuta ya mgando kabla haijakauka, na jikoni hakuipua chungu bila kitambaa. Vidole viwili vilikuwa vimekunjika, lakini havikuwa na kidonda. Niliwahi kumwomba radhi. Aliniambia, "Mwanangu, hata mimi nililiona nikalinyamazia kwa miezi."

Mwaka 2012 alikuja amemshika mjukuu wake mkono, mtoto wa miaka 9. Nilimwamkia, nikainua mikono yake kuitazama kama kawaida, akaitoa.

"Leo sikuja mimi," alisema.

Akamvua mtoto shati yeye mwenyewe, akamgeuza upande wa dirisha. Nyuma ya bega palikuwa na baka moja, dogo kuliko sarafu, lililofifia kiasi kwamba ningeweza kulipita. Kisha akatoa mfukoni unyoya wa kuku, mweupe, umenyooshwa vizuri.

"Nimempima siku tatu, asubuhi, akiwa ametulia. Kote anasikia. Hapa hasikii."

Niliupokea unyoya. Mtoto akafumba macho kabla sijamwambia, alikuwa ameshazoea. Nikagusa shingo, akaonyesha. Nikagusa mgongo, akaonyesha. Nikagusa pale, akaendelea kusubiri. Nikamwambia afumbue macho atanue vidole, nikachomeka karatasi kati ya kidole cha pete na cha mwisho, mkono wa kulia kisha wa kushoto, na babu yake akasogea karibu aone. Nikavuta. Mtoto hakuiachia. Nikavuta kwa nguvu zaidi, karatasi ikachanika katikati, na kipande chake kikabaki kimebanwa kwenye vidole vyake.